Sonikeita ya fimbo kwa nanoemulsheni za dawa za ubongo: inalipa kwa maabara ya Dar?

Tunayoipima hapa ni sonikeita, mashine inayovunja matone kwa mtetemo wa sauti, ya mezani ya wati 500, kHz 20, yenye fimbo ya titaniamu ya milimita 13 na nyingine nyembamba ya milimita 6. Viwanda vingi vinaitengeneza na zinafanana kama pacha, kwa hiyo tunaitazama aina nzima, si nembo. Wanunuzi wake hapa Dar es Salaam ni wanafunzi wa uzamili wa famasia na kemia, pamoja na watafiti wanaotaka kuficha dawa isiyoyeyuka majini ndani ya matone ya mafuta yanayoelea majini (ndiyo nanoemulsheni), madogo kiasi cha kuifikisha kwenye uvimbe wa ubongo. Hukumu tunaitoa mapema: mashine ni nzuri na inafanya inachotangaziwa. Tatizo ni kwamba katalogi inauza namba moja tu, ukubwa wa tone dakika ya kumi, na katika kazi hii hiyo ndiyo namba rahisi kuliko zote kuipata.

Kwa nini mtu ahangaike na matone? Seli za kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, za ubongo zimeshonana zikabana, na ukutani mwake kuna pampu, mashuhuri ikiwa P-glaikoprotini, zinazoitema dawa irudi kwenye damu kabla haijapita. Paklitakseli, dawa ya saratani yenye uzito wa molekuli wa karibu 854, inakwama mara mbili: ni kubwa, na pampu inaitambua. Katikati ya glioblastoma, uvimbe mkali wa saratani ya ubongo, ukuta huo huwa unavuja, ndiyo maana dawa ya kung'arisha picha za MRI huonekana pale. Lakini seli zilizojipenyeza pembezoni, zile zinazourudisha ugonjwa baada ya upasuaji, zimejikinga nyuma ya ukuta ulio mzima. Tone la mafuta la nanomita 100 hadi 200 lililovishwa polisobeti 80, kemikali inayoshikanisha mafuta na maji, hujipaka protini ya damu iitwayo apolipoprotini E, na kapilari za ubongo zina vipokezi vya kuikamata. Njia ya pili ni ya puani, kupitia neva za harufu na neva ya trijemina, ile ya hisia za uso. Matumaini yamejengwa hapo, na ushahidi wake mwingi bado ni wa panya.

Kabla ya kufungua boksi, soma kibati cha umeme nyuma ya mashine. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huja na volti 110 hadi 120; ukiichomeka kwenye soketi yetu ya volti 230, harufu ya kuungua utaisikia kabla ya mtetemo. Weka stebilaiza ya VA 1,500, maana umeme wa TANESCO hauui mashine unapokatika, unaiua unaporudi. Umeme ukikatika katikati ya bechi, mashine nyingi husahau sekunde zilizokwisha kupita. Andika mwenyewe kwenye daftari kila dakika, la sivyo utairudisha sampuli kwenye mtetemo mara ya pili bila kujua umeipa nguvu kiasi gani. Kingine ni unyevu: ukitoa kichwa cha mashine kwenye chumba cha AC ukakipeleka ukumbi wa joto, kinatoa jasho kama chupa ya soda, na kristali zilizomo ndani, zinazotoa mtetemo, hazipendi maji. Kiache kikauke nusu saa kabla ya kuwasha.

Sasa kazi yenyewe. Chukua bechi ya kujifunzia ya gramu 50 kwa kurkumini, rangi ya manjano (binzari), ambayo haiponyi glioblastoma lakini ni rahisi kupata na rangi yake inakuonyesha kosa kwa macho. Mafuta ya MCT (mafuta ya minyororo ya wastani) gramu 4 na ya soya gramu 1. Lesithini ya yai iliyosafishwa, inayozuia matone yasiungane, gramu 0.6. Polisobeti 80 gramu 1, gliserini gramu 1.125, kurkumini miligramu 10, halafu maji ya sindano hadi ifike gramu 50. Lesithini asilimia 1.2 na gliserini asilimia 2.25 hazikuokotwa njiani: ni viwango vilevile vya emulsheni za mafuta za lishe ya mshipani zinazotumika hospitalini miaka mingi. Gliserini ndiyo inayosawazisha mchanganyiko na damu bila kutumia chumvi.

Maji yasiwe ya bomba wala ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi, hasa kalsiamu, inafuta chaji inayoyafanya matone ya lesithini yasukumane. Emulsheni itatoka nyeupe nzuri asubuhi, jioni imeganda vipande kama maziwa yaliyokatika.

Pasha mafuta hadi nyuzi 65, weka lesithini na kurkumini, koroga kwa sumaku dakika 15 hadi 20 mpaka usione chembe hata moja ukiinua bika kwenye mwanga. Funika na foili, kwani kurkumini inachujuka kwa mwanga. Maji, gliserini na polisobeti navyo vifike nyuzi 65 pembeni. Mimina mafuta kwenye maji polepole, mixa ya kasi ikiwa kwenye mizunguko 10,000 kwa dakika, na uendelee dakika 3. Utapata uji mwepesi wa njano wenye matone ya mikromita kadhaa. Usiruke hatua hii ukidhani sonikeita itafanya yote. Fimbo inapiga eneo dogo chini ya ncha yake tu, na mafuta yanayoelea juu hayapiti pale.

Uji ukishapoa hadi joto la chumba, uhamishie kwenye bika refu jembamba la mililita 100. Zamisha ncha ya milimita 13 sentimita 1.5, na ubakize angalau sentimita 1 chini yake. Ikigusa kioo, kioo kinapasuka na ncha inaumia. Amplitudo, yaani ukubwa wa mtetemo, asilimia 50, sekunde 5 kuwaka, sekunde 5 kupumzika, mpaka jumla ya kuwaka ifike dakika 5, yaani dakika 10 za saa. Sikiliza sauti. Fimbo ikiwa imekaa vizuri inachachatika kama mafuta ya maandazi kwenye karai. Ikiwa juu mno inapiga kelele kali na povu linapanda. Povu likishapanda, izime mashine, subiri lishuke, kwa sababu hewa inameza nguvu yote na hakuna tone linalovunjika. Vaa vizibo vya masikio hata kama jirani yako wa meza anacheka.

Joto ndilo linaloharibu bechi nyingi kuliko kitu kingine. Fanya hesabu: wati 50 zinazoingia kweli kwenye sampuli kwa sekunde 300 ni jouli 15,000. Kwa gramu 50 za mchanganyiko ulio karibu wote maji, hizo zinatosha kupandisha joto nyuzi kama 70 pasipo kupozwa. Anza na nyuzi 30 za chumba cha Dar, uone utafika wapi. Ndiyo sababu bika linakaa kwenye barafu tangu sekunde ya kwanza, na barafu ichanganywe na maji. Ikiwa tupu inaacha mapengo ya hewa na haipozi ubavu wa bika. Barafu ya Feri inayowekewa samaki inatosha kabisa, maana haigusi dawa. Nunua ya kutosha, kwa sababu kilo mbili zilizoletwa kwa bodaboda kutoka Kivukoni mchana wa Februari hufika zikiwa kilo moja na maji. Weka kipimajoto ndani ya sampuli, si kwenye barafu, na ikivuka nyuzi 40 simamisha.

Hapa tunaikata mashine alama. Asilimia ya amplitudo inayoonyeshwa kwenye kioo si kipimo cha chochote unachoweza kulinganisha na mashine nyingine. Asilimia 50 ya mashine mpya na asilimia 50 ya mashine ileile baada ya mwaka, ncha ikiwa imechakaa, ni vitu viwili. Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Weka gramu 100 za maji kwenye chombo kinachohifadhi joto, washa mfululizo sekunde 60, pima joto limepanda nyuzi ngapi. Zidisha 100 kwa 4.18 kwa nyuzi hizo, gawa kwa 60. Likipanda nyuzi 7.2, umepata karibu wati 50. Fanya hivi kila mwezi na uandike kwenye daftari la mashine. Tasnifu nyingi zimeandika "asilimia 50 kwa dakika 5" na hakuna anayeweza kuzirudia, hata mwandishi mwenyewe.

Ncha ya titaniamu inakula yenyewe. Uso wake unaanza kung'aa, halafu unapata vidoa vya kijivu, mwishowe vishimo unavyovihisi kwa ukucha. Titaniamu iliyotoka hapo imo ndani ya dawa yako. Zungusha kila bechi kwenye sentrifuji, mizunguko 3,500 kwa dakika 10, uangalie chini ya mrija. Ukiona unga mweusi, ncha inahitaji kung'arishwa kwa msasa laini, na ikiwa vishimo ni virefu ibadilishwe. Ukisugua sana fimbo inafupika na mashine inashindwa kupata mtetemo wake. Ncha ikazwe kwa spana iliyokuja nayo, si kwa mkono. Na ncha ya kufungua na kufunga usiitie kwenye ethanoli au asetoni: kimiminika kinapenya kwenye nyuzi za skrubu, kinakauka humo, ncha inalegea. Fimbo nyembamba ya milimita 6 ni ya ujazo mdogo, mililita 10 hadi 20, na inavunjika ikiwashwa hewani hata muda mfupi.

Tuje kwenye mafuta, ambapo mashine haina kosa na bado inalaumiwa. Wengi wanapenda kutumia mafuta ya karafuu, kwa sababu yapo, yananukia, na yanayeyusha dawa vizuri. Bechi inatoka na matone ya nanomita 80, kila mtu anapiga picha. Wiki ya pili ni 300. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, inayeyuka kidogo majini, karibu gramu 2 kwa lita, na kidogo hicho kinatosha: molekuli zinahama kutoka matone madogo kwenda makubwa, madogo yanakonda, makubwa yananenepa. Hakuna sonikeita itakayozuia hilo. Kinachozuia ni kuchanganya mafuta mazito yasiyoyeyuka majini kabisa, kama ya soya au ufuta yaliyosafishwa, ndani ya tone lilelile, na ndiyo kazi ya ile gramu 1 ya soya hapo juu. Tena yujenoli inachoma puani. Kwa dawa ya kupuliziwa puani, iacheni.

Vifaa vya dukani navyo vina mitego. Lesithini ya mapishi inayouzwa kwa waokaji mara nyingi imechanganywa na mafuta na ina fosfatidilikolini, sehemu yake inayofanya kazi, kidogo kuliko iliyosafishwa ya dawa, na tofauti hiyo utaiona kwenye matone. Polisobeti 80 ya maduka ya kemikali za sabuni inafanya povu sawasawa, ila ikikaa kwenye dumu lililofunguliwa, kwenye joto letu, inajenga peroksaidi zinazoila dawa iliyomo. Kipande cha karatasi ya kupimia peroksaidi kinakwambia ukweli ndani ya dakika moja. Nunua chupa ndogo, weka kwenye friji gizani, andika tarehe ya kufungua. Na msizidishe polisobeti kwa kutafuta namba ndogo: ikiingia mshipani inajulikana kuamsha mzio kwa baadhi ya wagonjwa, na puani kiasi kikubwa kinaumiza utando.

Hesabu ambayo ingefaa kufanywa kabla hata ya kuagiza mashine ni ya kipimo cha dawa. Bechi yetu ina miligramu 10 ndani ya gramu 50, yaani miligramu 0.2 kwa gramu. Tundu moja la pua linapokea takriban mililita 0.1, ukizidisha, mengine yanateremka kooni. Hiyo ni miligramu 0.02 kwa tundu, 0.04 kwa matundu mawili, na si yote inayofika ubongoni, kwa kuwa utando wa pua unajisafisha ndani ya dakika 15 hadi 20. Kinachoamua hapo ni uwezo wa mafuta kubeba dawa. Kwa hiyo jaribio la kwanza halihitaji sonikeita hata kidogo: weka dawa ya ziada kwenye mafuta mbalimbali, tikisa saa 72 kwenye nyuzi 30, zungusha kwenye sentrifuji, pima kilichoyeyuka. Mafuta yaliyoshindwa hapa yasipewe nafasi ya pili.

Temozolomaidi ndiyo inayowaponza wengi. Kwa kuwa ndiyo dawa ya kawaida ya glioblastoma tangu 2005, pamoja na mionzi ya Gy (grei, kipimo cha mionzi) 60 kwa mafungu 30, kila mwanafunzi anataka kuitia kwenye nanoemulsheni. Fikiri kwanza. Molekuli yake ni ndogo, 194, inapita kwenye ukuta wa ubongo yenyewe kwa kiasi, na haipendi mafuta. Ukiitia kwenye emulsheni ya mafuta ndani ya maji, sehemu kubwa yake itatoka nje ya matone na kukaa majini. Pale, pH ikiwa 7.4 na joto la mwili, nusu yake imekwisha kubadilika kwa muda wa saa mbili hivi. Utakuwa na matone mazuri yasiyo na kitu. Paklitakseli na jamaa zake wapenda mafuta wana sababu ya kupanda gari hili. Temozolomaidi ina miguu yake.

Kupima. Kama taasisi yako haina kipimachembe cha mwanga wa leza, sampuli itasafiri, na sampuli inayosafiri inapigwa jua. Itume kwenye boksi la baridi lakini isigande, maana kuganda kunayabana matone mpaka yanaungana, na ikiyeyuka inatoka na mafuta juu. Wakati wa kupima, punguza kwa maji yaliyochujwa, mara 100 hadi 1,000, hadi iwe na ukungu tu. Ripoti ikirudi, usisome wastani peke yake. Kipimo cha mtawanyiko kikizidi 0.3, wastani huo umebeba makundi mawili au matatu ya matone, na machache makubwa yanaangaza kiasi cha kuyafunika madogo. Kwa dawa ya mshipani farmakopia ya Marekani, kitabu cha viwango vya dawa, inataka wastani usizidi nanomita 500 na mafuta yaliyo kwenye matone yanayozidi mikromita 5 yasifike asilimia 0.05 ya mafuta yote. Kipimo cha leza pekee hakiwezi kukuthibitishia hilo la pili.

Ukiwa huna kifaa chochote, macho yanasaidia zaidi ya watu wanavyodhani. Emulsheni isiyo na dawa, ikiwa chini ya nanomita 100, ina kivuli cha bluu pembeni mwa chupa. Ikivuka 200 ni nyeupe kama tui. Jaza chupa tatu hadi shingoni: moja friji, moja nyuzi 30, moja dirishani. Ile ya kurkumini itakuonyesha pete nyembamba ya njano iliyokolea shingoni, na siku unayoiona, ukiifuta kwa kitambaa cha karatasi, inaacha doa la mafuta linalopenya hadi upande wa pili. Hayo ni mafuta yaliyoachana na maji, na hayarudi ukitikisa. Pete ya krimu tu, isiyo na doa, bado inarudi. Kama mwezi umepita na shingo ni safi kwenye nyuzi 30, hapo ndipo ulipe gharama ya kutuma sampuli.

Kusafisha vijidudu kunawashtua wengi. Otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, ya nyuzi 121 kwa dakika 15 inavumiliwa na emulsheni ya lesithini iliyotengenezwa vizuri, lakini polisobeti ikipashwa hivyo inapoteza urafiki wake na maji na matone yanaungana. Kuchuja kwa chujio la mikromita 0.22 kunawezekana ikiwa matone yote yako chini sana ya hapo. Bechi yenye wastani wa 180 itaziba chujio kwenye mililita ya tano na kuacha nusu ya dawa kwenye karatasi.

Mbadala zipo. Sonikeita ya beseni, ile ya kuoshea miwani na vito vya sonara, haifai. Haivunji matone kwa usawa. Homojenaiza ya shinikizo, inayosukuma mchanganyiko kwenye tundu dogo, ndiyo bora ukitaka lita badala ya mililita, na haitoi unga wa titaniamu, ila inataka pesa na fundi. Kwa anayeanza, ipo njia isiyo na mashine: changanya mafuta na surfaktanti (kemikali za aina ya polisobeti), kisha tia maji tone kwa tone ukikoroga. Inatoa matone madogo, lakini kwa surfaktanti nyingi, mara kadhaa ya bechi yetu, na tumeshaona zinavyofanya puani.

Neno kwa ndugu wa wagonjwa, kwa sababu tangazo la "dawa ya nano" limeanza kuonekana kwenye simu: hakuna nanoemulsheni iliyoidhinishwa kutibu uvimbe wa ubongo. Panya ana eneo la harufu linalochukua karibu nusu ya pua yake. La binadamu halifiki sehemu moja ya kumi. Upasuaji wa ubongo unafanyika MOI (taasisi ya mifupa na ubongo) pale Muhimbili, mionzi iko taasisi ya saratani ya Ocean Road, na majaribio yoyote ya dawa kwa binadamu yanapita TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kilichotoka kwenye bika la maabara kisiingie pua ya mtu.

Kwa mnunuzi: chukua ya wati 500 yenye volti 230, kihisi joto kinachozama kwenye sampuli na kinachoizima mashine chenyewe, na sanduku la kuzuia kelele. Ncha za akiba za milimita 13 agiza mbili siku hiyohiyo pamoja na mashine, maana kuiagiza moja peke yake baadaye kunachukua wiki nyingi na nauli yake inakaribia bei ya ncha. Alama zetu ni 4 kati ya 5, na ile moja imekatwa kwa sababu ya asilimia za amplitudo.